Kosa la karani lisigeuzwe deni la dereva

MWENYE gari anayeingia kisiwa cha Mombasa, awe amepitia daraja la Nyali, Makupa au kivuko cha Likoni, huingia mikononi mwa mamlaka mbili zinazoweza kumtoza pesa kwa namna anavyoliendesha au kuliegesha gari lake. Ya kwanza ni polisi wa trafiki, wanaotekeleza sheria ya taifa. Ya pili ni Serikali ya Kaunti, ambayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi barabara za kaunti, trafiki na maegesho.

Mamlaka hizo mbili zina sheria mbalimbali, ofisi mbalimbali na askari wenye sare mbalimbali. Lakini zote hutegemea kitu kimoja, nacho ni nambari ya usajili wa gari. Ikiandikwa sawasawa, kazi huenda. Ikikosewa tarakimu moja, aliyevunja sheria huenda zake salama na asiyehusika hubaki na deni.

Swali ambalo wakazi wa Mombasa wana haki ya kuuliza ni jepesi kulitamka ingawa jibu lake ni zito. Karani anapokosea, ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba kosa limetokea? Je, ni ofisi iliyotoza faini, au ni mwananchi aliyetozwa?

Kwa jinsi mambo yanavyokwenda, mzigo huo humwangukia mwananchi. Gari hufungwa pingu ya chuma gurudumuni kwanza, maelezo yakaja baadaye. Na maelezo yenyewe humtaka mwenye gari aonyeshe risiti, aonyeshe ujumbe wa simu, aonyeshe logibuku, aende ofisi hii na arudi ile, hali saa za kazi zinampita.

Makosa haya si miujiza, wala si lazima yawe hila ya mtu. Nambari ya gari la kawaida nchini Kenya ina herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, na herufi moja mwishoni. Waliopanga mtindo huo walikuwa na busara ya kuziacha herufi I na O, kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Lakini M na N zimebaki, B na D zimebaki, na 6 na 9 zimebaki. Mtu anayetajiwa nambari kwa sauti katikati ya kelele za Barabara ya Digo, au anayeiandika kwenye simu chini ya jua la saa saba, anaweza kukosea pasipo kukusudia.

Malipo ya maegesho yalipohama kutoka karatasi hadi simu, kosa la namna hii lilipata sura mpya. Zamani mwenye gari aliweka tikiti nyuma ya kioo na askari akaiona kwa macho. Siku hizi askari haulizi kioo bali huuliza kifaa alichoshika. Kama malipo yameingizwa kwa nambari iliyokosewa, pesa zimeshafika kwenye hazina ya kaunti lakini gari bado linaonekana halijalipiwa. Mwenye gari ana ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa zimetoka kwake, na askari ana kifaa kinachosema hazijafika. Kila mmoja anasema kweli ya chombo chake.

Kosa la pili ni la kuchelewa. Malipo yamefanywa saa tatu, rekodi ikasomeka saa nne, na katikati ya saa hizo gari likafungwa. La tatu ni la kurudiwa, ambapo tukio moja huandikwa mara mbili na kuwa madeni mawili. La nne ni la umiliki: gari limeuzwa, limeondoka Pwani, lakini jina lililo kwenye sajili ni la muuzaji.

Mji wa Kale unaongeza la tano. Mitaa yake ilichorwa na nyayo za watu kabla ya gurudumu la gari kufika. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ilishatimiza karne tatu kabla ya motokaa ya kwanza kuonekana kisiwani. Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni havina nafasi ya kuchora mistari mipana ya maegesho. Mahali penye upana huo mdogo, ni lazima ibainike wazi eneo la kulipia linaanzia wapi na kuishia wapi. Pasipo kibao wala rangi ya kuonekana, aliyeegesha hajui kama yuko ndani ya mpaka au nje, na askari naye huamua kwa mazoea.

Wenzetu wa mbali nao yamewakuta. Nchini Ireland, polisi waligundua mwaka wa 2007 kwamba rekodi zao za makosa ya barabarani zilikuwa na dereva mmoja sugu wa Kipolandi aliyeitwa Prawo Jazdy, mwenye anwani zaidi ya 50. Kumbe maneno hayo si jina la mtu. Kwa Kipolandi maana yake ni leseni ya kuendesha gari, nayo yameandikwa juu ya kila leseni ya nchi hiyo. Askari mmoja baada ya mwingine alinakili maneno hayo kama jina la dereva. Watu walicheka, lakini funzo lake ni zito: rekodi inaweza kukosewa mara nyingi mfululizo na bado ikaonekana imekamilika.

Sheria inasema nini? Hapa ni muhimu kutenganisha faini ya trafiki na ada ya adhabu ya maegesho, kwa sababu njia za kuzipinga si moja.

Faini ya trafiki ni suala la jinai. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu afisa wa polisi kumpa anayeshukiwa kwa kosa dogo ilani ya kumtaka alipe kiwango kilichowekwa au afike mahakamani. Kanuni za makosa madogo za mwaka wa 2016 zilipanga viwango hivyo kati ya Sh500 na Sh10,000. Kwa mfano, anayezidisha mwendo kwa kilomita sita hadi 10 kwa saa hutozwa Sh500, na anayezidisha kwa kilomita 16 hadi 20 hutozwa Sh10,000.

Neno muhimu katika kifungu hicho ni "au". Anayelipa huwa amekubali kosa, na anayepinga ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Mbele ya hakimu, mzigo hugeuka. Ibara ya 50 ya Katiba humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na humpa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Aidha, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kompyuta iambatane na cheti cha mtu mwenye dhamana ya mtambo huo. Picha au karatasi iliyochapishwa haitoshi peke yake.

Kuna mtego mmoja wa kuangaliwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki husema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, hadi kinyume kithibitishwe. Kwa hiyo aliyeuza gari kwa kupeana mikono na hati ya mkono, bila kubadilisha jina katika sajili, anabeba mashaka ya mnunuzi. Sheria hiyo hiyo humpa mmiliki mpya siku 14 tu za kutumia gari kabla ya kusajiliwa. Tangu huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, zihamie jukwaa la eCitizen mwaka wa 2023, kazi hiyo hufanywa kwenye akaunti za wote wawili. Aliyeuza gari bila kuikamilisha ajihesabu hajauza.

Ada ya maegesho ni jambo jingine. Hiyo ni mamlaka ya kaunti, na Ibara ya 210 ya Katiba inasema hapana ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa isipokuwa kwa sheria. Ndiyo maana kila kiwango cha maegesho, cha kufungwa gari na cha kukokotwa, hutarajiwa kuonekana katika Sheria ya Fedha iliyopitishwa na Bunge la Kaunti. Mwananchi anapotajiwa kiasi, ana haki ya kuuliza kimeandikwa wapi.

Zaidi ya hapo, kufunga gari la mtu ni hatua ya kiutawala. Ibara ya 47 humpa kila mtu haki ya hatua iliyo ya haraka, halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki, na humpa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Sheria iliyotungwa mwaka wa 2015 kuitekeleza ibara hiyo inakwenda mbali zaidi. Inasema kwamba ofisi ikiombwa sababu na isizitoe, basi itachukuliwa kwamba hatua ile haikuwa na sababu nzuri, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo.

Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Kwa maandishi ya sheria, mzigo uko kwa mwenye kutoza. Kwa mazoea ya barabarani, uko kwa mwenye kutozwa. Kati ya maandishi na mazoea ndipo haki ya mnyonge inapopotelea.

Kwa nini basi watu hulipa na kunyamaza? Kwa sababu hesabu huwalazimisha. Mchukue dereva wa tuktuk anayempelekea mwenye chombo hesabu kila jioni. Akitozwa Sh500 asizostahili, anaweza kulipa na kurudi barabarani. Akiamua kupinga, atapoteza asubuhi moja ofisini, nyingine mahakamani, na hesabu ya tajiri wake bado inamngoja. Mwenye akili atalipa. Si kwamba amekubali kosa, bali amenunua siku yake.

Kila mmoja akifanya hivyo, yanatokea madhara ambayo hayaonekani kwenye vitabu. Faini iliyokosewa, ikishalipwa, haiandikwi kuwa ni kosa. Huandikwa kuwa ni mapato. Mkuu wa idara akisoma ripoti ya mwezi ataona makusanyo yamepanda na malalamiko ni machache, naye atahitimisha kwamba mfumo unafanya kazi vizuri. Hivyo kosa halina njia ya kujitangaza, na karani hana sababu ya kujirekebisha.

Haki haina budi kutendewa pande zote. Wanaosimamia barabara nao wana hoja. Kuna madereva wanaoapa kwamba nambari si yao hali ni yao. Kuna magari yanayobeba nambari bandia. Kaunti yenye wakazi 1,208,333, kwa hesabu ya sensa ya 2019, inahitaji fedha za kukarabati barabara, na kisiwa chembamba hakiwezi kuachwa kila mtu aegeshe apendapo. Wanaogopa kwamba wakifungua mlango wa rufaa, kila anayetozwa ataupitia.

Hofu hiyo ina msingi, lakini uzoefu wa kwingine hauiungi mkono. Jijini London, mtu aliyepata ilani ya adhabu ya maegesho anaweza kuipinga kwa maandishi, na halmashauri ikimkatalia ana siku 28 za kukata rufaa kwa mwamuzi huru, bila kulipa ada. Miongoni mwa sababu zinazokubalika ni kwamba hakuwa mmiliki wa gari wakati huo, au kwamba halmashauri yenyewe imekosea utaratibu. London haijaacha kutoza, wala barabara zake hazijawa shamba la bibi.

Majirani zetu nao wana la kufundisha. Tanzania imeweka mfumo ambao mwenye gari huandika nambari yake mtandaoni na kuona faini zinazodaiwa. Hilo pekee ni hatua, kwa sababu huwezi kupinga deni usilolijua. Uganda ilianza Juni 2025 kutoza faini kwa kamera, na kabla ya mwezi huo kwisha serikali ikalazimika kuusimamisha mpango huo ili uchunguzwe upya kutokana na kilio cha wananchi. Mfumo uliotangulia kutoza kabla ya kueleweka uliangushwa na watu wale wale ulionuia kuwalinda.

Hatari kubwa zaidi ni imani kwamba mtambo haukosei. Uingereza ililipia imani hiyo kwa aibu kuu. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa hesabu wa Horizon ulionyesha upungufu wa fedha. Upungufu mwingi ulikuwa wa mfumo wenyewe. Ilibidi bunge litunge sheria mwaka wa 2024 kufuta hukumu hizo kwa jumla. Faini ya maegesho si kifungo, lakini mzizi wa kosa ni ule ule: mtu anaambiwa ni mwongo kwa kuwa kioo cha kompyuta kimesema hivyo.

Ni nini awezacho kufanya mwenye gari wa Mombasa anayejua kwamba ametozwa kimakosa? La kwanza ni kukusanya ushahidi papo hapo. Apige picha ya gari, ya nambari yake, ya mahali lilipo na ya kibao kilicho karibu, au ya mahali ambapo kibao kilipaswa kuwa na hakipo. Ahifadhi ujumbe wa malipo wenye saa na nambari ya muamala. Aulize jina au nambari ya kazi ya askari, kwa upole, kwa maana ugomvi wa barabarani haujapata kumsaidia mlalamishi.

La pili ni kuandika. Malalamiko ya mdomo hufa pale pale yalipozaliwa. Barua fupi yenye tarehe, nambari ya gari, kosa lenyewe na ombi la kufutiwa au kurudishiwa pesa inatosha, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kama amelazimika kulipa ili gari lifunguliwe, aandike siku hiyo hiyo kwamba amelipa huku akipinga, ili malipo yasije yakasomwa kuwa ni kukiri.

La tatu ni kuomba rekodi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Nambari ya gari iliyounganishwa na jina la mtu ambaye hakutenda kosa ni taarifa ya namna hiyo.

La nne, ikiwa ofisi imekaa kimya, ni kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo kazi yake ni kuchunguza ucheleweshaji na uonevu wa ofisi za umma, na ambayo haimtozi mlalamishi. Mahakama iwe ya mwisho. Sheria ya 2015 huwataka watu wamalize kwanza njia za ndani ya ofisi, ila pale mahakama itakapoona kuna sababu ya kipekee.

Hata hivyo, si haki kumtaka dereva awe wakili. Njia nne ni nyingi mno kwa deni la Sh500. Dawa ya kweli iko kwa wanaotoza, nayo haihitaji fedha nyingi.

Kaunti inaweza kuamua kwamba malipo yaliyoingia kwa nambari inayotofautiana kwa herufi au tarakimu moja na ya gari lililokamatwa yahesabiwe kuwa yamefanyika, hadi uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Inaweza kuweka dakika kadhaa za subira kabla ya gari kufungwa, ili mfumo uliochelewa upate kusoma. Inaweza kumtaka askari apige picha ya gari na mahali lilipo kabla ya kulifunga, na picha hiyo ionekane na mwenye gari kupitia simu ile ile anayolipia. Inaweza kumpa afisa aliye zamuni uwezo wa kufuta kosa la wazi papo hapo, badala ya kumrusha mtu ngazi baada ya ngazi.

Juu ya yote, inaweza kutangaza kila robo mwaka ni faini ngapi zilitozwa, ngapi zilipingwa na ngapi zilifutwa kwa makosa ya ofisi. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowapa wakazi imani kwamba kuna mtu anayeangalia. NTSA na polisi nao hawana budi kufanya vivyo hivyo kwa faini za trafiki, hasa kwa vile kadiri kazi inavyohamia kwenye kamera, ndivyo askari wa kuulizwa barabarani anavyozidi kutoweka.

Wakazi wa Mombasa hawajaomba barabara zisizo na sheria. Wanaoegesha vibaya mbele ya msikiti wakati wa sala ya Ijumaa, au kuziba njia ya mikokoteni kuelekea Marikiti, wanastahili kutozwa, na majirani zao watakuwa wa kwanza kushangilia. Wanachoomba ni kwamba kulifuta kosa la ofisi kuwe kwepesi kama kulilipa. Leo kulipa huchukua dakika moja kwenye simu. Kufuta nako kuchukue muda gani? Bunge la Kaunti linapoketi kujadili Sheria ya Fedha, hilo ndilo swali ambalo wawakilishi wa wadi za kisiwani wanapaswa kuliuliza kabla ya kupitisha kiwango chochote kipya.